Simu ya video haifiki: ibane GnuGk hadi ikwambie sababu

Fundi akiambiwa "simu ya video haiendi", mkono wake wa kwanza hukimbilia faili la mipangilio. Anabadilisha mstari huu, anagusa ule, anazima seva na kuiwasha. Nimefanya hivyo kwa miaka, na karibu kila mara nilitoka na matatizo mawili badala ya moja. Getikipa, yaani seva inayosajili vifaa vya video na kuzitafutia simu njia, haikatai simu kimyakimya. Ikikataa huandika imekataa nani, alikuwa akimtafuta nani, na kwa sababu gani. Kwa hiyo faili usiliguse mpaka umejua nani kasema hapana.

Ninazungumzia GnuGk, getikipa huria ya H.323 ambayo wengi wetu tumeirithi kwenye seva ya Linux iliyowekwa na fundi aliyekwisha hama kazi. H.323 ni itifaki ya simu za video ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ya mwaka 1996, na vijana wanaiona ya kizee. Lakini vifaa vya vyumba vya mikutano vilivyonunuliwa kwa mamilioni bado viko ukutani, na hakuna bosi atakayekubali kuving'oa kwa sababu wewe umechoka navyo.

Mifano yangu ni ya makao makuu yaliyo Dar es Salaam na matawi Dodoma, Arusha na Mwanza. Namba nimezigawa kwa kufuata namba za mwanzo za simu za mezani za mikoa, watu wasipate shida ya kukariri: 22 Dar, 26 Dodoma, 27 Arusha, 28 Mwanza. Chumba cha bodi cha Dar ni 2201, cha Mwanza ni 2801.

Kabla ya yote: fungua madirisha mawili

La kwanza ni la hali ya seva:

`telnet 127.0.0.1 7000`

Ukifukuzwa hapo hapo, tazama sehemu ya `[GkStatus::Auth]`. Usipoiandika, GnuGk haimruhusu mtu yeyote. Ruhusu anwani ya seva yenyewe na ya kompyuta yako, basi. Kuna watu huandika `rule=allow` ili wasisumbuke, na kwa kufanya hivyo wanampa kila aliye kwenye mtandao uwezo wa kukata simu za wakubwa.

Ukishaingia, amri utakazozihitaji ni chache: `rv` inaonyesha waliosajiliwa wote, `c` inaonyesha simu zilizo hewani, `find 2801` inamtafuta mmoja, na `reload` inasoma faili upya.

Dirisha la pili ni la logi. Iwashe kwa kina kidogo (`gnugk -c /etc/gnugk.ini -ttt -o /var/log/gnugk.log`) kisha uifuatilie kwa `tail -f`. Sasa mwambie mtu apige, nawe utazame. Mstari kama huu ndio unaoutafuta:

`ARJ|10.22.0.15:1720|2801:dialedDigits|Dar-Bodi:h323_ID|false|calledPartyNotRegistered;`

Usomeke hivi: kifaa cha Dar-Bodi kimeomba kupiga 2801, kimekataliwa, kwa sababu aliyepigiwa hajasajiliwa. Herufi tatu za mwanzo ndizo zinazokuonyesha kosa liko hatua gani. RRJ ni kukataliwa kujisajili. ARJ ni kukataliwa kupiga. LRJ ni kukataliwa kwa swali ambalo getikipa moja huiuliza jirani yake: mwenye namba hii yuko wapi. Kama hakuna hata moja kati ya hizo na simu bado haiendi, basi ombi halikufika kwenye seva, au simu ilikubaliwa ikafia mbele ya safari.

Dalili ya 1: Kifaa hakijisajili

Hili ndilo linaloripotiwa zaidi, na kwa bahati nzuri ndilo jepesi. Anza na haya, kwa mpangilio huu.

Anwani ya getikipa kwenye kifaa. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa "otomatiki", yaani vinapiga kelele kwenye anwani ya 224.0.1.41, poti 1718, na kusubiri getikipa iitikie. Kelele hiyo kwa kawaida haivuki rauta. Tawini Mwanza haitasikika Dar hata ungefanyaje. Andika anwani ya seva kwa mkono.

Poti 1719 ya UDP imezibwa. Kwenye seva endesha `tcpdump -ni eth0 udp port 1719` kisha mwambie wa upande wa pili azime kifaa na kukiwasha. Usipoona pakiti hata moja, achana na GnuGk kabisa. Tatizo ni la njia: fayawoli, VPN iliyolala, au kebo.

Lakabu imeshachukuliwa. Lakabu ni namba au jina ambalo kifaa kinajulikana nalo, na RRJ ikija na `duplicateAlias` maana yake kuna mwingine anayelitumia. Mara nyingi huyo mwingine ni kifaa kilekile: umeme umekatika, rauta imekipa anwani mpya, na getikipa bado inashikilia usajili wa zamani. Weka `TimeToLive=300` kwenye `[Gatekeeper::Main]` ili usajili wa waliopotea ufutike wenyewe. Kwa haraka, futa ule wa zamani kwa `unregisteralias 2801`. Lakini thibitisha kwanza kwamba ni mzimu. Niliwahi kufuta namba iliyokuwa ya chumba kizima chenye watu ndani, kwa sababu tawi moja lilinakili mipangilio ya lingine bila kubadilisha namba.

Nywila, ikiwa umewasha uthibitishaji. Ukiona `securityDenial`, angalia nywila, halafu angalia saa ya kifaa. Baadhi ya njia za uthibitishaji za H.235 hutumia muda, na kifaa chenye saa ya mwaka 2000 kitakataliwa hata nywila ikiwa sahihi.

Dalili ya 2: Wote wamesajiliwa, lakini namba "haipo"

Hapa ndipo upangaji wa njia za simu hasa unapoanza, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Usiamini neno la mtu kwamba kifaa kimesajiliwa. Andika `rv` uone mwenyewe. Kikiwa kimesajiliwa vizuri utaona kitu kama `2801:dialedDigits=Mwanza-Bodi:h323_ID`. Sehemu ile ya `dialedDigits` ndiyo roho ya jambo. Kwenye menyu ya kifaa kuna kisanduku cha jina na kisanduku cha namba, na aliyekifunga mara nyingi huandika 2801 kwenye kisanduku cha jina, cha namba akakiacha tupu. Kwa macho ya binadamu 2801 ni 2801. Kwa getikipa, jina linalofanana na namba si namba, na anayebonyeza tarakimu kwenye rimoti anatafuta namba. Rekebisha kwenye kifaa. Usijaribu kuzungukia kwenye seva.

Kama usajili ni mzima, fuata safari ya namba. GnuGk ikipokea ombi huanza kuibadilisha namba kama kuna kanuni za kubadilisha, kisha huitafutia mwenyewe kwa mpangilio uliouweka. Kosa linaweza kuwa kwenye kituo chochote.

Kituo cha kubadilisha namba ni `[RasSrv::RewriteE164]`, na hapo ndipo nilipojikwaa vibaya zaidi. Watu wa Mwanza walitaka kupigiana ndani ya jengo kwa namba fupi, nami nikaandika kwa haraka `2=282`, nikiwa na akili ya Mwanza tu. Kesho yake hakuna aliyeweza kuipata bodi ya Dar. Anayepiga 2201 alikuwa anabadilishiwa: ile 2 ya mwanzo inatoka, 282 inaingia, namba inakuwa 282201, na hakuna kiumbe chenye namba hiyo. Nilitazama usajili saa nzima nisione kosa, kwa sababu usajili haukuwa na kosa. Dawa ya kugundua hili ni moja: linganisha namba aliyobonyeza mtu na namba iliyoandikwa kwenye logi. Zikitofautiana, kuna kanuni inayokula tarakimu zako. Zima kanuni zote kwa kuweka alama ya `;` mwanzoni mwa kila mstari, fanya `reload`, jaribu tena.

Kituo cha pili ni getiwei, kama unayo ya kutoka kwenda kwenye simu za kawaida. Namba zinazotakiwa kwenda kwake huandikwa hivi:

`[RasSrv::GWPrefixes]`
`Getiwei-Dar=0`

Jina lazima lifanane na lakabu ambayo getiwei imejisajili nayo. Kifaa kisichojua kujisajili kabisa unakiandikia makao ya kudumu:

`[RasSrv::PermanentEndpoints]`
`10.22.0.40:1720=Getiwei-Dar;0`

Nukta mkato ina kazi. Kinachokuja kabla yake ni lakabu, baada yake ni tarakimu za mwanzo ambazo getiwei inazihudumia. Ukisahau nukta mkato umeandika simu ya kawaida, na namba zinazoanza na 0 zitabaki bila mwenyewe.

Kituo cha tatu ni mpangilio wenyewe wa kutafuta:

`[RoutingPolicy]`
`default=explicit,internal,parent,neighbor`

Maana yake: kwanza tazama kama mpigaji ametaja anwani ya IP, kisha waliosajiliwa hapa, kisha getikipa mzazi, kisha majirani. Huo ndio mpangilio wa kawaida hata usipoandika kitu. Mtu akiandika `default=internal` ili "kuharakisha", simu za kwenda matawi mengine hufa papo hapo bila jirani kuulizwa. Na ukiona kuna mstari wa pekee kwa namba fulani, kama `28=internal`, jua kwamba ndio unaoshika namba hizo, si ule wa jumla.

Kituo cha nne, majirani, ndicho chenye makosa ya pande mbili. Kwetu Mwanza ina getikipa yake, nayo upande wa Dar imeandikwa hivi:

`[RasSrv::Neighbors]`
`GK-Mwanza=GnuGk`

`[Neighbor::GK-Mwanza]`
`GatekeeperIdentifier=GK-Mwanza`
`Host=10.28.0.5`
`SendPrefixes=28`
`AcceptPrefixes=*`

Ukikosa `SendPrefixes=28`, Dar haitamuuliza Mwanza kuhusu namba za Mwanza. Na Mwanza nayo lazima iwe imeiandika Dar, kwa anwani ileile ambayo maombi ya Dar yanatokea. Laini ya tawi ikiwa na anwani inayobadilika kila rauta inapozimwa, jirani wa jana anakuwa mgeni leo, na ombi lake linatupwa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: simu zilizokuwa zikienda jana haziendi tena tangu rauta izimwe. Suluhisho la kudumu ni VPN yenye anwani zisizobadilika ndani yake.

Tahadhari moja hapa. Usiweke `SendPrefixes=*` pande zote mbili ukaongeza na `ForwardLRQ=always`. Namba isiyokuwepo itazunguka kati ya seva hizo kama mpira, na mpigaji atakaa anatazama skrini.

Dalili ya 3: Inaita, anapokea, halafu inakatika au skrini inakuwa nyeusi

Hapa getikipa imeshafanya kazi yake ya kutafuta njia. Kinachoshindikana ni mazungumzo ya H.245, ambapo vifaa hukubaliana namna ya kutumiana picha na sauti na ambayo kwa kawaida huanza mtu anapopokea, au picha na sauti zenyewe. Kwa nilivyoona, mtuhumiwa wa kwanza ni rauta inayojifanya msaidizi.

Rauta nyingi, MikroTik zikiwemo, zina kipengele kinachofungua pakiti za H.323 na kubadilisha anwani zilizomo ndani. Wazo ni zuri, ila likikutana na GnuGk ambayo nayo imeshazishughulikia anwani hizo, mawili yanagongana. Kwenye MikroTik nenda IP, Firewall, Service Ports, uzime `h323`. Kwenye rauta ya Linux ondoa moduli za `nf_nat_h323` na `nf_conntrack_h323`. Jaribu tena kabla hujafanya lolote lingine.

Ikishindikana, hakikisha seva inapitisha simu yote, si kutafuta anwani tu na kuwaacha waliopigiana wajitafutie:

`[RoutedMode]`
`GKRouted=1`
`H245Routed=1`
`EnableH46018=1`
`Q931PortRange=20000-20999`
`H245PortRange=30000-30999`

`[Proxy]`
`Enable=1`
`RTPPortRange=50000-59999`

Sasa poti hizo zifunguliwe kwenye fayawoli kwenda kwenye seva: 1719 na 50000 hadi 59999 za UDP, 1720 pamoja na 20000 hadi 20999 na 30000 hadi 30999 za TCP. Usipoziwekea mipaka, seva itachagua poti inayojisikia, nawe hutaweza kuandika kanuni ya fayawoli yenye maana. Kama seva iko nyuma ya NAT, yaani rauta inayoficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja ya nje, andika anwani ya nje kwenye `ExternalIP` ndani ya `[Gatekeeper::Main]`.

Ile `EnableH46018` inasaidia vifaa vilivyo nyuma ya NAT usiyoimiliki. Tawi linalotumia laini ya akiba ya simu ya mkononi kwa kawaida liko hapo. Rauta ikionyesha anwani ya nje inayoanzia 100.64 hadi 100.127, hiyo ni NAT ya kampuni ya simu, na hakuna poti utakayoifungua wewe. Kifaa kiwe kinajua H.460.18, au tumia VPN.

Kama fayawoli ni ya kampuni nyingine au ya idara isiyo yako, simama. Waandikie orodha ya poti na anwani, wafungue wao. Usiombe nywila yao ukafungue "kwa muda". Poti za muda hazifungwi.

Dalili ya 4: Picha upande mmoja tu

Anza na ya aibu: kifuniko cha kamera, kitufe cha kuzima picha, kebo ya HDMI iliyochomekwa tundu lisilo lake. Kisha badilisheni zamu, asiyeonekana ndiye apige. Upofu ukihamia upande wa pili, tatizo ni la namna simu inavyopangwa njia. Ukibaki palepale, ni fayawoli ya upande huo inayozuia UDP. Ikiwa nyuso zinaonekana lakini slaidi hazifiki, kumbuka slaidi hupita mkondo wake wa H.239, nao unahitaji poti zake kutoka kwenye kundi lilelile.

Dalili ya 5: Inakatika kila mara dakika ileile

Pima kwa saa, usikadirie. Ikikatika dakika ya 60 kamili kila siku, hiyo si laini mbovu. Laini mbovu haina nidhamu. Tafuta `DefaultCallDurationLimit` kwenye `[CallTable]`. Mtu anaweza kuwa aliweka 3600, yaani sekunde za saa moja. Kama haipo, ni fayawoli inayofunga muunganisho wa TCP ulio kimya: picha zinapita kwa UDP, ule wa kusimamia simu haupitishi neno, na fayawoli inaona umekufa. Ongeza muda huo kwenye fayawoli. Kumbuka pia Linux, isipoambiwa vingine, husubiri sekunde 7200 kabla ya kugusa muunganisho uliokaa kimya kuona kama bado uko hai. Fayawoli ya saa moja inakuwa imeshaufunga zamani.

Dalili ya 6: Asubuhi sawa, saa nne simu zinakataliwa

Ukiona ARJ zinaanza simu zinapokuwa nyingi, tazama `TotalBandwidth`, kikomo cha ukubwa wa simu zote kwa pamoja. Namba yake haihesabiwi kwa kilobiti bali kwa vipande vya biti 100 kwa sekunde, na kila simu huhesabiwa kwenda na kurudi. Simu ya kilobiti 384 inaomba 7680. Fundi aliyeandika 20000 akidhani ametoa megabiti 20 ametoa megabiti 2: simu mbili zinakula 15360, ya tatu haina nafasi. Binafsi sikitumii kipengele hiki. Vifaa vingi huomba namba zisizo za kweli, na kuzuia ukubwa wa simu kwenye kifaa chenyewe kunaaminika zaidi.

Dalili ya 7: Simu za usiku kutoka kwa "cisco" au namba za ajabu

Si mzimu na si kampuni hiyo. Ni programu zinazopita intaneti nzima zikigonga poti 1720 kutafuta getiwei ya kupigia bure simu za nje. Hakikisha `AcceptUnregisteredCalls=0`, halafu funga 1720 kwa kila anwani isiyo ya matawi yako. Kama unapokea wageni wa nje, wape chumba kimoja tu, na namba zinazoanza na 0 zisifikike kutoka nje kwa njia yoyote.

Kisha andika `c` uone kama kuna simu inayoendelea kupitia getiwei kwenda nchi usiyoijua. Ikiwepo, hapo si pa fundi mmoja tena. Chomoa laini ya getiwei ya kwenda kwa kampuni ya simu kwa mkono, ile kebo yenyewe. Usizime seva, usifute logi, usifanye `reload`. Nakili `/var/log/gnugk.log` kwenye flashi, wapigie kampuni ya simu wazuie simu za nje kwenye laini hiyo, na umwite mtu wa usalama wa mitandao usiku huohuo. Kila saa inayopita inaingia kwenye bili.